Simeoni Nsibambi, Rafiki Asiyeficha Kweli

Desturi ya Wakristo kuungama na kuonyana mbele ya wenzao, ijulikanayo hata Gitega na Muyinga nchini Burundi, haina budi kutukumbusha marehemu Simeoni Nsibambi wa Uganda.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897, akawa mtumishi wa idara ya afya. Mnamo Septemba 1929, huko Namirembe, Kampala, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda, aliyekuwa amechoshwa na kazi na njaa iliyoikumba nchi ile. Mwafrika huyo na mgeni wake walisoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akimtia mwenziwe nguvu. Hatimaye Nsibambi aliacha mshahara, akashika kuhubiri.

Urafiki wake haukuwa wa kusifiana. Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali ya Gahini, alipomlalamikia juu ya hali mbaya ya huko, Nsibambi alimwonyesha kwamba ubaya ule ulianzia moyoni mwake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma Kinuka. Lakini akiwa safarini kurudi alitubu. Yeye na Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, wakawa nguzo za uamsho wa Gahini.

Katika miaka ya 1930 uamsho huo uliingia Burundi, kwenye misheni za Matana na Buhiga, iliyo kati ya Gitega na Muyinga.

Nsibambi alifariki mwaka 1978. Maisha yake yathibitisha kuwa msema kweli ndiye mpenzi wa Mungu, na ndiye rafiki.