Rasmus Bartholin na Fuwele ya Taswira Mbili

Tufundishapo sayansi, mara nyingi twaanza na sheria, kisha twatafuta jaribio la kuithibitisha. Mwanafunzi aonaye jambo lisiloafikiana na sheria huambiwa amekosea. Maisha ya Rasmus Bartholin yatuonyesha hasara ya desturi hiyo.

Bartholin alizaliwa mwaka 1625 mjini Roskilde, nchini Denmaki. Alipata shahada ya utabibu huko Padua, Italia, mwaka 1654, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Copenhagen. Huko alichunguza fuwele angavu zilizotoka Iceland. Alipoitazama kitu kupitia fuwele hiyo, kilionekana mara mbili.

Hakuishia kustaajabu. Aliizungusha fuwele polepole: taswira moja ikatulia, ya pili ikaizunguka ile ya kwanza. Alipopima, aliona kuwa nuru ya taswira iliyotulia ilipindika kwa kufuata sheria iliyojulikana. Nuru ya taswira ya pili haikuifuata. Mwaka 1669 alichapisha yote mawili, bila kuficha lile lililoipinga sheria. Alifariki mwaka 1698.

Sababu aliyoitoa haikudumu, lakini uchunguzi wake ulidumu. Mwaka 1690 Christiaan Huygens aliieleza njia ya mwale wa pili kwa nadharia ya mawimbi. Leo twajua kwamba atomu za fuwele hiyo hazikupangwa sawa pande zote. Kwa hiyo nuru hugawanyika, na sehemu zake mbili huenda kwa kasi tofauti. Ndiyo maana wanasayansi huitumia nuru kupima mpangilio wa atomu. Fuwele ya bariamu titanati, kwa mfano, ikipashwa moto kupita nyuzi 120 hivi za Selsiasi, hubadilika umbo la ndani likawa sawa pande zote, na ugawanyikaji huo wa nuru hutoweka.

Sisi walimu tujifunze nini? Mwanafunzi akileta jibu lililo kinyume cha kitabu, tusimkaripie wala tusilifute. Tuliandike ubaoni, turudie jaribio pamoja naye, tupime tena. Huenda amekosea kupima, naye atajifunza kupima vema. Huenda pia ameona kweli, na mwalimu aliyemnyamazisha atakuwa amezima macho yaliyoanza kuona.