Mary Shelley: misiba nyuma ya vitabu vya kutisha

Kila mwisho wa Oktoba, wasomaji wa Ulaya na Marekani hutafuta vitabu vya kutisha, na jina la Mary Shelley halikosekani.

Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Siku chache baadaye mama yake alifariki. Akiwa na miaka 18, mwaka 1816, alianza kuandika Frankenstein karibu na Geneva, hadithi ya mtaalamu anayeunda kiumbe, kisha anakikimbia. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina lake.

Kati ya watoto wake wanne, watatu walikufa wadogo. Mwaka 1822 mume wake alizama baharini huko Italia. Mary alibaki na mtoto mmoja, akaendelea kuishi kwa kalamu. Mwaka 1826 alitoa The Last Man, riwaya ya ugonjwa wa kuambukiza unaomaliza watu duniani. Alifariki London tarehe 1 Februari 1851.

Riwaya hiyo, msomaji wa Mangina ataielewa upesi. Hapo ndipo mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Uliua watu zaidi ya 2.200 mashariki mwa Kongo. Waliozika wapendwa wao bila kuwagusa wanaijua hofu aliyoiandika mama huyo.