JOHN HANNING SPEKE (1827–1864)

Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827, akawa askari India. Mwaka 1857 aliondoka pwani yetu pamoja na Richard Burton. Miongoni mwa wasaidizi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Februari 1858 walifika Ujiji.

Hapa ndipo kemia inapoingia, na watahiniwa wengi hupapita haraka. Ili kujua kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari, Speke alichemsha maji akasoma kipimajoto. Kimiminika huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa. Nyanda za juu kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo kiwango cha kuchemka cha maji hushuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva Samunge kuliko Tanga. Ethanoli, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 78, hufuata kanuni hiyohiyo.

Ziwa Tanganyika alilipatia kama mita 560. Kimo halisi ni 773. Kwenye kipimajoto, kosa hilo halifiki hata nyuzi 1! Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona Ziwa Victoria, akapata kama mita 1,140, karibu sana na 1,134 za leo. Alishikilia kwamba Nile hutoka Victoria. Burton alikataa, na vimo hivyo vikabishaniwa. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.