TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Ibn Battuta alipokaribia mlango wa kwao



Ndugu zangu waumini, natumai mmefuturu salama na tarawehe mmeiwahi. Leo tukae kidogo na mtu ambaye jina lake wengi mnalijua, ila mwisho wa safari yake hausimuliwi sana. Ni Ibn Battuta.

Alizaliwa Tangier, kaskazini mwa Moroko, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga baba na mama, wote wawili wako hai, akatoka peke yake kwenda Hija. Usidhani aliondoka kwa furaha tupu. Kuachana na wazazi kulimuuma, na wao kuliwauma. Njiani homa ikamshika, akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko asije akaanguka. Walipofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwapokea wasafiri. Huyu anasalimiwa, yule anakumbatiwa, yeye hana hata mmoja anayemjua. Akalia mbele za watu, mpaka hujaji mmoja akamwonea huruma akaja kumliwaza. Kama umewahi kushuka kiwanja cha ndege cha nchi ya watu, kila mtu anapokewa na wewe umesimama na begi lako, basi hali hiyo unaijua.

Nia ilikuwa Hija, na mwaka 1326 akahiji. Lakini safari ikamnogea. Iraki, Uajemi, Yemen. Mwaka 1331 akafika pwani yetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini hakuisahau misikiti yake ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, visima milangoni, na watu wanavyoosha miguu na kuifuta kwenye jamvi kabla ya kuingia. (Wanaoingia na miguu ya vumbi wamesikia.) Baadaye akaenda India, akawa kadhi wa Delhi kwa miaka kadhaa. Akawa kadhi tena visiwa vya Maldives. Akafika mpaka China. Huko kote akaoa, akazaa, akapata mali, akapoteza, akaanza upya.

Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Sasa hebu jiulize, muda wote huo nyumbani kulikuwa kunaendelea nini?

Mwaka 1348 akiwa njiani kurudi alifika Damascus. Mji huo aliupita ujanani, akaacha hapo mke mwenye mimba. Alipokuwa India alipata habari kwamba amezaliwa mtoto wa kiume, akamtumia babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Sasa kafika, anauliza mtoto yuko wapi. Anaambiwa alishafariki, miaka 12 iliyopita. Akamkuta mjini humo mwanachuoni mmoja mtu wa Tangier, akamuuliza habari za kwao. Akajibiwa kuwa baba yake alifariki miaka 15 nyuma, ila mama yake yu hai.

Miaka 15 hana baba, na yeye hajui. Alikuwa akila, akilala, akihukumu kesi za watu, na kwao msiba ulishaanuliwa zamani.

Ule ulikuwa ndio wakati wa tauni kubwa iliyoua watu wengi kuanzia Sham hadi Misri hadi Maghribi. Ibn Battuta akaenda Makka, akafunga huko Ramadhani ya mwaka 749 Hijria, akahiji, kisha akageuza uso kuelekea kwao. Mapenzi ya nyumbani yalikuwa yanamvuta, na kule kuna mama anasubiri. Akafika mji wa Taza, Fez haiko mbali tena. Hapo ndipo alipopata habari: mama naye kafariki, kwa tauni hiyo hiyo.

Aliingia Fez mwisho wa Shaabani mwaka 750, yaani Novemba 1349, Ramadhani iko mlangoni. Kisha akaenda Tangier, na alichokwenda kukizuru ni kaburi la mama yake.

Moyo wa mtu huyu ulikuwaje? Aliisifu nchi yake kuliko zote alizoziona: matunda, maji, wepesi wa maisha. Lakini hakukaa. Aliugua miezi mitatu katika mji wa Sabta, na alipopata nafuu akavuka bahari kwenda Andalusi. Mwaka 1352 akakata jangwa kwenda Mali. Alirudi kwa sababu Sultani wa Moroko alimwagiza arudi. Sultani huyo huyo akaamuru safari zake ziandikwe, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Mwishoni aliishi kama kadhi katika nchi yake, mpaka mauti yalipomfika.

Mimi simhukumu. Safari si dhambi, na moyo unaweza kuwa na nyumba mbili. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliingia Makka katika Ramadhani ya mwaka wa 8 Hijria, mji alioupenda na akatolewa humo kwa nguvu. Baada ya ushindi hakuhamia. Alirudi Madina kwa Ansari, akaishi nao na akazikwa huko. Basi wewe uliyerudi kutoka Muscat, Dubai au London na unajiona mgeni mtaani kwenu, usijilaumu. Hali hiyo haina maana kwamba huwapendi wa kwenu.

Lakini Mtume huyo huyo alifundisha kwamba msafiri akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Na sisi tuliobaki, anaporudi ndugu yetu, tumpokee yeye kabla ya kuangalia sanduku. Pengine ana misiba ambayo sisi tulishaimaliza kulia, na yeye ndiyo kwanza anaianza.

Na kama wazazi wameshatangulia, mlango haujafungwa. Waombee dua, watolee sadaka, timiza ahadi zao, watembelee rafiki na jamaa waliokuwa wakiwapenda.

Ibn Battuta alikaa miaka 15 bila kujua kuwa baba hayupo, kwa sababu habari zilitembea kwa miguu ya ngamia. Wewe unaisoma darsa hii kwenye simu. Mama kama yu hai, ifunge kwanza chaneli hii umpigie. Kesho tutaendelea inshaallah.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na awarudishe salama wote walio mbali na kwao. Aamin.