Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip

Ninyi watoto wa Kindu mnaujua mto Lualaba, maana kila siku mnaona maji yake yakipita. Mtu akiufuata kwenda juu, kuelekea yatokako maji, atafika Nyangwe, na mbele yake ni nchi ya Kasongo. Zamani za babu wa babu zenu, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wenye mashamba mapana ya mpunga, na mtawala wake alikuwa mtu wa Unguja. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, lakini watu walimwita Tippu Tip. Wengine husema jina hilo ni mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kwa ajili ya macho yake, maana alikuwa akiyapepesa sana. Habari zake zina mema na mabaya, nasi tutazisoma zote.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kufanya safari ndogo ndogo za pwani, akinunua sandarusi. Baadaye alimfuata baba yake bara, hata Tabora, kisha akavuka ziwa Tanganika akafika Urua. Huko wenzake walikimbilia kununua pembe kubwa za tembo. Yeye aliangalia bei kwanza. Akaona kubwa ni ghali na ndogo ni rahisi, akachukua ndogo, akapata faida.

Lakini hakuwa na busara hiyo siku zote. Mwaka 1867 alifika Itabwa kwa chifu Nsama. Watu walikuwa wamemwonya kwamba Nsama amekwisha kuwashinda wafanya biashara wengine. Hakujali. Akaingia ndani ya boma ili aonyeshwe pembe, na mara mishale ikaanza kuruka. Yeye mwenyewe akajeruhiwa. Bunduki zikamwokoa, tena akauteka mji pamoja na pembe nyingi sana. Hata hivyo alikuwa karibu kufa, na sababu ni tamaa tu.

Miaka tisa baadaye twamwona ametulia zaidi. Mwezi wa Oktoba 1876 alifika kwake Mzungu aitwaye Stanley, aliyetaka kuufuata Lualaba ajue unakwenda wapi. Siku zile wageni hawakujua kama mto huu ni Nili au ni mto mwingine. Stanley aliwaogopa watu wa msituni, na wapagazi wake waliogopa zaidi, basi akamwahidi Tippu Tip maelfu ya reale kama atamsindikiza na bunduki zake.

Tippu Tip hakumjibu siku ile. Aliwaita jamaa zake, akawauliza shauri. Wao wakamkataza kabisa, wakamwona kama mtu aliyepotewa na akili, kutaka kumfuata Mzungu mahali asipopajua. Hakukasirika, wala hakuwatii bure. Aliyapima maneno yao pamoja na yake, kisha akakubali kwa masharti: watakwenda kambi 60, si zaidi, naye atakuwa na ruhusa ya kurudi. Safari ilikuwa ngumu mno. Msitu ulikuwa na giza na matope, na ndui ikawaua watu wengi. Mwisho wa Desemba waliachana mahali paitwapo Vinya Njara. Stanley akaendelea kushuka na mto, na mwaka 1877 akafika Boma, karibu na bahari. Tippu Tip akarudi na watu wake.

Kupima kwake kulionekana tena mwaka 1886, aliposhuka Unguja. Huko Sultani Barghash alimweleza wazi kwamba Wazungu wanamnyang'anya nchi, na kwamba hawezi kuilinda hata Unguja yenyewe, sembuse bara. Tippu Tip alifahamu kwamba enzi yao imekwisha. Basi mwaka 1887 akapatana na Stanley, akawa liwali wa mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 aliondoka Kongo, asirudi tena.

Vita vilianza mwaka 1892. Sefu, mwanawe, aliingia vitani. Nyangwe ikatekwa Machi 1893, Kasongo ikatekwa Aprili, na Sefu akafa mwaka ule ule. Wala msidhani kwamba watu wa nchi walipata raha, maana askari wa Leopold nao waliwatesa wengi kwa ajili ya mpira wa msituni.

Tippu Tip alikuwa hodari wa kupima bei, njia, na nguvu za adui. Je, aliwapima na watu wa Maniema? Vijiji vilichomwa moto, na watu wakafungwa minyororo wakapelekwa mbali. Mwaka 1871, kabla yeye hajakaa huku, wafanya biashara waliwapiga bunduki watu katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake, na mamia wakafa, wengine mtoni. Hakuwako siku ile. Lakini baadaye alikuja akakaa na biashara ile ile.

Katika uzee wake, Unguja, Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimwomba aandike maisha yake. Akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Ndiyo kazi ya mtu aliyepata nafasi ya kukaa barazani na kuyatazama yote aliyoyafanya. Humo safari zimetajwa, na vita, na pembe kwa frasila. Nimetafuta humo huzuni kwa ajili ya watu wale waliochukuliwa, nami sikuiona.

Alikufa tarehe 14 Juni 1905. Nyumba yake ingaliko Unguja, katika Mji Mkongwe. Huku kwetu misafara ile iliacha kitu kingine. Wapagazi, askari na watumwa walisema Kiswahili njiani na kambini, wakawafundisha watoto wao, na watoto wale wakawafundisha wao. Nacho ndicho Kiswahili mnachokisoma sasa katika ukurasa huu.