Maisha ya William Wilberforce, Mjumbe wa Bunge la Uingereza

Wengi katika wasomaji wetu wamelisikia jina la William Wilberforce, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wale waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Lakini watu hudhani ya kuwa kazi ile ilikwisha kwa hotuba moja yenye nguvu, kama mti uangukao kwa pigo moja la shoka. Sivyo ilivyokuwa. Ilichukua miaka ishirini, na sehemu yake kubwa ilikuwa kazi ya kila siku ya mjumbe wa Bunge: kutoa hoja, kuandika miswada, kukaa katika kamati, kupokea maombi ya watu, kuhesabu kura, kushindwa, na kuanza tena. Kazi ya namna hii haina sifa nyingi, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Wilberforce alizaliwa tarehe 24 Agosti 1759 katika Hull, mji wa bandari upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara, akafa mwanawe angali mtoto. Alisoma Cambridge, na huko alijuana na William Pitt, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka wa 1780 watu wa Hull walimchagua kuwa mjumbe wao, naye alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Na mwaka wa 1784 akachaguliwa na jimbo kubwa la Yorkshire. Alikuwa mtu mfupi, mwili wake dhaifu na macho yake mabovu, lakini sauti yake ilipendeza sana. Katika ujana wake alipenda karamu na kamari. Kisha, tangu mwaka wa 1785, moyo wake uligeuka, akamwamini Kristo kwa kweli, hata akafikiri kuyaacha mambo ya serikali. Mchungaji John Newton, aliyekuwa zamani nahodha wa merikebu ya watumwa, alimshauri abaki mahali pake. Akabaki, na mwaka wa 1787 akakubali kulichukua Bungeni shauri la watumwa.

Ili tuifahamu kazi yake, yatupasa kuijua desturi ya Bunge lile. Mswada wa sheria husomwa mara tatu katika baraza la wajumbe wa watu, na kabla ya mara ya tatu hupitiwa kifungu kwa kifungu katika kamati. Ukishinda huko, hupelekwa katika Baraza la Malodi, nako huanza safari nyingine. Na mwisho hupata kibali cha mfalme. Zamani zile, wakati wa kura upande mmoja ulitoka nje na upande wa pili ulibaki ndani, wakahesabiwa kichwa kwa kichwa. Tena, mswada usiokwisha kabla ya kufungwa kwa kikao cha Bunge ulikufa, na mwaka uliofuata ulianzishwa upya tangu neno la kwanza. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuzuia jambo hakuwa na haja ya kulishinda kwa hoja, ilimtosha kulichelewesha.

Na ndivyo walivyofanya wenye merikebu na wenye mashamba ya miwa. Tarehe 12 Mei 1789 Wilberforce alisema Bungeni zaidi ya saa tatu. Wapinzani wake waliomba tu kwamba Bunge lenyewe lisikilize mashahidi kwanza. Kikao kikafungwa, na mwaka ukapita bure. Mwaka wa 1790 akapata kibali cha kamati ndogo ya kuwasikiliza. Huko walihojiwa manahodha, waganga wa merikebu na mabaharia, na rafiki yake Thomas Clarkson alizunguka kwa farasi katika miji ya bandari kutafuta watu walio tayari kushuhudia. Kisha Wilberforce na rafiki zake wakaufupisha ushuhuda ule mrefu, ili kila mjumbe aweze kuusoma. Mwezi wa Aprili 1791 kura zikapigwa: 88 upande wake, 163 upande wa pili.

Hakunung'unika. Mwaka wa 1792 yaliletwa Bungeni maombi 519 kutoka miji na vijiji vya Uingereza nzima, yenye majina ya watu maelfu kwa maelfu. Walikuwako pia Waafrika waliokuwa watumwa hapo kwanza, kama Olaudah Equiano, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1789 kiliwafungua macho wengi. Hapo ilikuwa vigumu kuikataa hoja waziwazi. Lakini Waziri Henry Dundas alisimama akataka liongezwe neno moja tu, kwamba biashara ikomeshwe polepole. Hoja yenye neno hilo ikakubaliwa na wajumbe 230, na 85 wakaikataa. Baraza lile likaweka mwisho uwe mwaka wa 1796. Malodi nao wakasema ni lazima wao pia wasikilize mashahidi, na shauri likalala. Twaona jinsi neno moja dogo lilivyoweza kuiua hoja nzima huku likionekana kama linaisaidia.

Mwaka wa 1796 mswada wake ulifika kusomwa mara ya tatu. Ukashindwa kwa kura nne: 70 kwa 74. Rafiki zake waliotosha kushinda hawakuwapo. Wengine walikuwa mashambani, na wengine wamekwenda kutazama mchezo mpya wa nyimbo. Katika miaka ile merikebu za Waingereza zilichukua, kwa wastani, zaidi ya Waafrika 30,000 kila mwaka na kuwavusha bahari. Nasi tukifikiri hesabu hiyo, twaona kwamba viti vitupu vya usiku mmoja vilikuwa na uzito wa roho nyingi mno.

Baada ya hayo aliugua sana. Lakini akapona, akaleta hoja yake mwaka wa 1797, na 1798, na 1799, akashindwa mara zote. Mwaka wa 1804 mswada ulipita katika baraza la wajumbe, lakini kikao kilikuwa karibu kwisha, Malodi wakauahirisha, ukafa. Mwaka wa 1805 ukashindwa tena kwa kura saba.

Ndipo akajifunza njia nyingine. Rafiki yake James Stephen, mwanasheria, alishauri uletwe kwanza mswada mdogo, wa kuwakataza Waingereza kupeleka watumwa katika nchi za wageni. Wilberforce alikaa kimya ili wapinzani wasishtuke, na mwaka wa 1806 mswada ukapita. Mwaka wa 1807 Lodi Grenville, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliuanzisha mswada mkubwa katika Baraza la Malodi, pale ulipozoea kufia. Ukapita. Tarehe 23 Februari ukaja kwa wajumbe wa watu: 283 wakaukubali, 16 wakaukataa. Wajumbe walimshangilia Wilberforce, naye akalia machozi. Tarehe 25 Machi 1807 ukawa sheria.

Walakini sheria ile ilikataza biashara tu. Waliokwisha kuwa watumwa walibaki watumwa. Wala haikuifunga pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ambako soko la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, kwa mapatano aliyoyakubali Sultani Barghash. Wilberforce mwenyewe hakuwa mtu asiye na kosa: mwaka wa 1799 aliunga mkono sheria iliyowakataza wafanyakazi wa kwao kuungana wadai mshahara. Mwaka wa 1825 aliacha Bunge kwa ajili ya udhaifu wa mwili, na Thomas Fowell Buxton akaiongoza kazi Bungeni. Mwezi wa Julai 1833 ilijulikana kwamba mswada wa kuwafungua watumwa katika makoloni hakika utapita. Habari ikamfikia kitandani, na tarehe 29 Julai akafa. Akazikwa Westminster Abbey. Sheria hiyo iliwalipa wenye watumwa paundi milioni 20, bali watumwa wenyewe hawakulipwa kitu.

Nasi tunaokaa katika mabaraza ya wazee na mikutano ya sharika, tusiidharau kazi ya kuandika, kuhesabu, kusoma taarifa hata mwisho, na kuwapo siku ya shauri. Haki ya watu wengi ilichelewa miaka kumi na mmoja zaidi, kwa sababu watu wanne au watano wema hawakuja.