Shekhar Mehta: Aliyepoteza kwao, akawa mfalme wa Safari Rally

Kama umewahi kupanda matatu kutoka mjini kuelekea Kangemi saa ya jioni, unajua mambo yanavyokuwa. Dereva anaona mwanya mdogo pale Museum Hill, anakanyaga mafuta, abiria wanashika viti. Huko nyuma mzee mmoja anang'aka: huyu naye anajidhani ni Shekhar Mehta!

Wazee wote wanacheka. Vijana tunatazamana tu. Shekhar nani?

Basi leo tumjue huyu jamaa, maana hakuna dereva mwingine, awe Mkenya au mgeni, aliyewahi kushinda Safari Rally mara tano ikiwa raundi ya Mashindano ya Dunia. Na ukisoma maisha yake vizuri, utaona kwamba yule dereva wa matatu hafanani naye hata kidogo.

Shekhar Mehta alizaliwa Juni 20, 1945 nchini Uganda, katika familia ya Wahindi iliyokuwa na mashamba makubwa na mali ya kutosha. Hakulala njaa, hilo lazima lisemwe wazi. Mchezo wa magari haujawahi kuwa wa maskini. Alianza kushindana mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Wengi walimwona kama mtoto wa tajiri anayejifurahisha tu.

Lakini mwaka 1971 akawafumba midomo. Kwenye Safari Rally ya mwaka huo alimaliza wa pili kwa gari la Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann wa Kenya. Kijana wa miaka 25 kutoka Uganda alikuwa amebakisha hatua moja tu kufika kileleni.

Mwaka uliofuata, dunia yake ikapinduka. Agosti 1972, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na makaburi ya wazazi wao. Familia ya Mehta nayo ikaondoka. Shekhar akavuka mpaka na kuja Kenya. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imemfungia mlango, naye alikuwa na miaka 27.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Umefukuzwa kwenu. Umefika Nairobi, jiji ambalo tayari lina mabingwa wake. Joginder Singh, fundi na dereva aliyeshinda Safari mwaka 1965, anajulikana na kila mtoto. Wewe ni mgeni. Utaanzia wapi?

Mehta alianzia palepale alipokuwa ameachia: ndani ya Datsun 240Z.

Hapa inafaa tueleze Safari ya siku hizo ilivyokuwa, kwa sababu haikuwa kama hii tunayoiona leo kule Naivasha, ambapo barabara hufungwa na madereva hushindana kwa vipande vifupi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yaliandaliwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua ndefu. Umbali ulikuwa kama kilomita 5,000, mchana na usiku, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Lori lingeweza kukujia kwenye kona. Ng'ombe wangeweza kuvuka. Daraja ulilolipita jana ungelikuta limesombwa na mafuriko.

Hesabu yake ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kutimiza. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa pointi moja ya adhabu. Mwenye adhabu chache zaidi mwishoni ndiye bingwa. Muda wenyewe ulipangwa mkali kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumaliza bila kuchelewa. Kwa hivyo swali halikuwa nani ana kasi kuliko wote. Swali lilikuwa nani atapoteza kidogo kuliko wenzake, na kama gari lake litafika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu!

Pasaka ya 1973 ilifika miezi michache tu baada ya Mehta kuikimbia Uganda. Huo ulikuwa pia mwaka wa kwanza wa Mashindano ya Dunia ya rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya raundi zake. Mwaka mmoja kabla, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amevunja mwiko kwa kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari. Sasa Wazungu wa Ulaya Kaskazini walikuja wakijua kwamba inawezekana.

Mehta alikuwa na mwelekezi wake, Lofty Drews. Mpinzani wao mkubwa alitoka katika kambi yao wenyewe: Harry Källström wa Uswidi, naye pia akiendesha Datsun. Wakapambana siku na usiku. Vumbi, matope, vumbi tena. Walipofika mwisho na hesabu kupigwa, waandalizi wakabaki wakitazama karatasi. Mehta: pointi 406. Källström: pointi 406.

Baada ya maelfu ya kilomita, wanaume hao wawili walikuwa sare. Kila mmoja alikuwa amechelewa dakika 406, yaani karibu saa saba, bila tofauti ya hata dakika moja.

Kanuni ilisema kwamba ikitokea sare, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu. Wakarudi nyuma kuangalia. Mehta ndiye aliyekuwa amekaa safi kwa muda mrefu zaidi. Ushindi ukawa wake, na akawa Mwafrika wa kwanza kushinda raundi ya Mashindano ya Dunia ya rali. Kijana aliyefukuzwa kwao mwaka uliotangulia sasa alikuwa bingwa wa nchi iliyompokea.

Ungefikiri kwamba kutoka hapo mambo yalikuwa mteremko. Wapi! Mwaka 1974 Joginder alishinda. Mwaka 1975 akashinda Ove Andersson wa Uswidi. Mwaka 1976 Joginder tena, ushindi wake wa tatu. Mwaka 1977 Björn Waldegård, mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Miaka sita ilipita kati ya ushindi wa kwanza wa Mehta na wa pili. Ni rahisi kuhesabu miaka sita ukiwa umeketi. Kwa mwanamichezo, hiyo ni miaka ya kusikia watu wakisema kwamba ulibahatika siku ile, na kwamba hata hivyo mlikuwa sare.

Kilichobadilisha mambo ni mambo mawili: gari na mtu.

Gari lilikuwa Datsun 160J, ambalo baadaye lilifuatwa na Violet GT. Halikuwa gari la kutisha. Lilitokana na gari la kawaida la familia, la milango na buti, la kupeleka watoto shule. Wapinzani walikuja na mashine kubwa zaidi. Mwaka 1979 Mikkola aliletewa Mercedes kubwa ya injini ya lita tano. Lakini Datsun ilikuwa ngumu, fundi aliweza kuitengeneza haraka, na ilivumilia mashimo.

Mtu aliitwa Mike Doughty.

Ukipita Parklands jioni, kwenye kumbi za michezo za pale, utaona watu wakicheza badminton wawili wawili. Mmoja yuko mbele karibu na wavu, mwenzake yuko nyuma. Mpira wa manyoya unaruka kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata, lakini hawagongani. Kila mmoja anajua mwenzake atasogea wapi bila kumtazama. Hilo halifundishwi kwa wiki moja. Linatokana na kucheza pamoja, kushindwa pamoja, na kukasirikiana bila kuachana.

Rali ni hivyo hivyo, ila mmoja kati ya hao wawili hashiki usukani. Mwelekezi ndiye mwenye saa, ramani na daftari. Ndiye anayemwambia dereva kwamba mbele kuna kona kali ya kushoto, kisha mtaro, kisha daraja jembamba. Ndiye anayepiga hesabu kama kuna dakika za kubadilisha gurudumu au la. Saa tisa usiku, dereva akianza kusinzia, ni sauti ya mwelekezi inayomrudisha barabarani. Gari likizama kwenye udongo mweusi, ndiye anayeshuka kwanza kusukuma. Na dereva naye lazima amwamini kiasi cha kuingia kona asiyoiona kwa kasi, kwa neno tu la mwenzake.

Mehta na Doughty walishinda mwaka 1979, wakamwacha Mikkola na Mercedes yake nafasi ya pili. Walishinda mwaka 1980, nyuma yao akiwa Rauno Aaltonen wa Finland. Walishinda mwaka 1981, na Aaltonen akawa wa pili tena. Maskini Aaltonen! Alikuja Kenya mara nyingi na hakuwahi kuishinda Safari.

Pasaka ya 1982 ndiyo iliyokuwa mtihani wenyewe. Walter Röhrl wa Ujerumani Magharibi, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1980, alikuja na Opel Ascona 400, na alikuwa njiani kutwaa taji la dunia kwa mara ya pili mwaka huohuo. Wengi waliamini kwamba kasi yake ingemaliza utawala wa Datsun. Rali ilipokwisha, Röhrl alikuwa wa pili. Mehta na Doughty walikuwa wa kwanza, kwa mwaka wa nne mfululizo.

Siku hizo jiji zima lilikuwa likisimama. Magari yalipanda jukwaani mbele ya KICC, moja baada ya jingine, bendera inapepea, umati unapiga kelele. Nje ya mji watu walijipanga kandokando ya barabara tangu alfajiri, watoto juu ya miti, redio zikiwa sikioni. Hakukuwa na tiketi. Mtoto wa tajiri wa Lavington na mtoto wa kibarua wa Kangemi waliona gari lile lile na kurushiwa vumbi lile lile. Huenda ndiyo sababu jina la Mehta lilienea kuliko majina ya wanasiasa wengi wa wakati wake. Hakuna aliyeuliza amezaliwa wapi.

Nje ya Kenya pia alishindana sana katika raundi za dunia, na huko mara nyingi aliyeketi kando yake na daftari alikuwa mkewe, Yvonne. Fikiria hilo: mume na mke ndani ya gari moja, mmoja akimwelekeza mwingine njia kwa siku kadhaa! Kuna ndoa ambazo hazivumilii hata safari ya Naivasha na kurudi.

Kisha likaja la kuja. Mwaka 1987, kwenye Rali ya Mafarao nchini Misri, Mehta alipata ajali mbaya akiendesha Peugeot. Aliumia vibaya sana na alihitaji muda mrefu kupona. Akiwa na umri wa miaka 42, uendeshaji wake wa mashindano ukaishia jangwani.

Wengi wangeketi nyumbani na vikombe vyao. Yeye akahamia upande wa pili wa meza. Aliingia katika uongozi wa mchezo na hatimaye akawa mkuu wa tume ya rali ya FIA, shirikisho la magari la dunia. Mtu aliyekuwa ameonja hatari yenyewe sasa alikuwa miongoni mwa wanaoamua mchezo uendeshwe vipi.

Wakati huo Safari yake ilikuwa ikififia. Baada ya mwaka 2002 ikatolewa kwenye kalenda ya Mashindano ya Dunia. Mehta hakuishi kuiona ikirudi. Alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Raundi ya dunia ilirudi nchini mwaka 2021, na magari yakapanda tena jukwaani KICC. Mabingwa wa dunia wamekuja na kushinda tangu hapo, lakini hakuna aliyefikisha mara tano. Mkenya wa mwisho kuishinda ikiwa raundi ya dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Kwa hivyo, mzee akimwita dereva wa matatu Shekhar Mehta, unaweza kumrekebisha kwa heshima. Mehta hakushinda kwa kukanyaga mafuta kila anapoona mwanya. Alishinda sare kwa sababu hakuharibu mapema, na alishinda mara nne mfululizo kwa sababu alimsikiliza aliyeketi kando yake.

Siku nyingine ukiliona gari la rali likipita, tazama ubavuni. Utakuta majina mawili yameandikwa. La kwanza ndilo tunalolishangilia. Soma na la pili.